Nzigire na Kanisa la Madame Odile

Nzigire hapendi kusifiwa, na mimi si mtu wa kusifu, kwa hiyo hapo tunaelewana. Tulikutana Louisville, Marekani, mtaa wa Iroquois, sote wageni kutoka Kongo, na hata wakati ule alikuwa tayari mwanamke aliyechoka. Kiwanda cha kuku kilimharibu mikono. Akahamia Columbus kwa binamu zake wa kitongoji cha Whitehall, akabeba maboksi ghalani mpaka mgongo ukagoma. Ndipo binti yake Jolie, aliyeolewa Buffalo, alipomwambia aje huku, ambako nami nilishahamia, akae na wajukuu, apumzike. Kupumzika gani? Jolie na mumewe wanapishana mlangoni kwa zamu, wajukuu wanamjibu bibi yao kwa Kiingereza, na kabla theluji ya kwanza haijayeyuka Nzigire alikuwa ameshavaa sare tena, safari hii katika nyumba ya kutunzia wazee.

Huko alikabidhiwa Madame Odile. Huyu alikuwa Mfaransa, binti wa mtunza kanisa wa kijiji kimoja cha Bourgogne, aliyeolewa na mwanajeshi wa Kimarekani akaletwa Buffalo angali msichana. Mume alishakufa. Uzee ulipoanza kumpokonya mambo, Kiingereza ndicho kilichotangulia kuondoka. Wafanyakazi wengine walimwona mtu wa kubwabwaja tu. Nzigire, aliyesomeshwa na masista kule kwao Walungu, alikisikia Kifaransa chake, akavuta kiti. Jioni moja tukinunua sombe, kisamvu chetu, dukani Grant Street akaniambia:

"Mama Chimène, ule mumama haiko chizi. Iko nasema tu juu ya kanisa ya kwabo."

"Na kula, anakula?"

"Njo shida. Anasema hawezi kula mpaka misa iishe."

Shida hiyo haikuwa ndogo. Odile alikuwa amebaki mifupa. Daktari alishamwambia mwanawe, anayekaa mbali, kwamba akizidi kukonda atapelekwa hospitali awekewe mpira wa kulishia tumboni, na akiuchomoa itabidi afungwe mikono. Nzigire alimwonea uchungu. Alisema hajavuka nchi zote hizi kuja kuona bibi kizee anafungwa kamba kitandani.

Basi akaanza kumpeleka misa kwa mdomo, bila kutoka chumbani. Odile alifumba macho, Nzigire akamshika mkono, wakaenda. Mwanzoni Odile ndiye aliyeongoza, na Nzigire akajifunza njia. Unapita makaburini. Unashuka ngazi kuingia, kwa sababu karne nyingi za kuzika watu zimeinua udongo wa nje kuliko sakafu ya ndani. Sehemu ya mbele ni ya karne ya kumi na mbili: kuta nene, matao ya mviringo, madirisha membamba, giza la baridi. Juu ya nguzo moja mafundi wamechonga punda anayepiga kinubi, na padri mmoja wa zamani alitaka apondwe, watu wakakataa. Ukisogea mbele, dari linapaa ghafla na matao yanachongoka. Huko ndiko Waingereza walikochoma moto katika ile vita yao ndefu na Wafaransa, na wajukuu wa waliounguliwa wakajenga upya kwa mtindo wa wakati wao. Nzigire alilielewa hilo upesi sana. Alisema ni kama nyumba za kwao, baba kajenga ya udongo, mtoto kapata kazi mjini kaja kubandika chumba cha simenti, na hakuna anayejali kwamba hazilingani.

Na kengele. Wakati wa mapinduzi ya Ufaransa askari walipita wakikusanya kengele za kuyeyusha ili watengeneze mizinga, wanakijiji wakaizika ya kwao shambani na kupanda kabichi juu. Odile alicheka kila mara walipofika hapo. Kengele ikishalia, misa imekwisha, na Odile anafungua kinywa. Kijiko kwa kijiko, sahani inaisha. Kazi ya kuchosha hiyo. Nzigire alirudi nyumbani sauti imemkauka, na hapo wajukuu walikuwa wanamsubiri awapikie.

Halafu Jumanne asubuhi kaka yake Zihindula alipiga simu kutoka Louisville. Mama yao amefariki Bukavu. Kilio wakakiweka Whitehall kwa binamu, maana Columbus iko katikati yetu sote, na kufikia mchana magari yalikuwa barabarani. Mimi nilikuja kumchukua. Nikamkuta anavaa viatu vya kazi.

"Yaya, dada yangu, unaenda wapi?"

"Kazini. Congé yangu, siku za kupumzika, iliisha wakati mtoto wa Jolie alikuwa mgonjwa. Na kesho banamupima kilo, ule mumama. Tangu Jumapili hakula kitu, juu miye sikukuwako."

"Donc unaenda kazini na kilio mu tumbo?"

"Bon, nifanye je? Mama amekwisha kufa. Ule mwingine iko bado."

Nilikasirika, nakiri bila aibu. Nilikasirikia kazi, nikamkasirikia Mfaransa wa watu, nikamkasirikia hata marehemu kwa kuchagua Jumanne. Mtu amefiwa na mama yake, wenzake wamekaa mkekani wanamlilia, yeye anakwenda kubembeleza watu wale supu. Lakini Nzigire ukimgombeza ananyamaza tu, na mimi sijui kugombana na mtu aliyenyamaza. Nikampeleka.

Haya yaliyofuata aliniambia mwenyewe ndani ya gari wakati wa kurudi.

Aliweka supu na kipande cha mkate mezani, akamshika Odile mkono, wakaondoka kama kawaida. Wakapita makaburini. Ila siku hiyo akili ilimchukua Walungu badala ya Bourgogne. Parokia ya kwao wanaume huingia kwa mlango mkubwa, na wanawake kwa mlango wa pembeni, kushoto. Mama yake alipita hapo kila Jumapili, na yeye nyuma yake ameshika pindo la kitenge. Basi akasema, "Tunazunguka mkono wa kushoto, Madame. Nasukuma mlango mdogo."

Odile akafumbua macho.

"Huo haufunguliwi," alisema. "Huo wa kaskazini ni mlango wa wafu. Jeneza tu ndilo hupita hapo. Baba yangu alikuwa anauweka ufunguo wake peke yake. Nani amekufa?"

Nzigire akajua ameharibu kila kitu. Supu inapoa, kesho ni mizani. "Samahani, Madame, nimekosea. Turudi kwenye mlango mkubwa."

"Ukishafunguliwa haufungwi hivi hivi. Nani amekufa?"

"Mama yangu."

Alikuwa amelisema neno hilo kwenye simu asubuhi nzima bila chozi. Safari hii lilimtoka na machozi.

"Lini?"

"Leo."

"Na wewe umekuja kunilisha mimi?"

Odile akamwonyesha kiti. "Kaa, binti yangu. Mwenye msiba hasimami." Kisha bibi kizee yule, aliyekuwa akikokotwa kila siku kwa maneno, akatangulia mwenyewe. Akamwambia ainamishe kichwa, maana mlango ule ni mfupi na wabebaji huinama. Wamlaze mama hapa, pale matao ya mviringo yanapokutana na yale yaliyochongoka, miguu ielekee altare. Akauliza jina. Nzigire akasema, "Nabintu." Odile akalitamka vibaya, akalirudia kwa sauti ya kusomea watu kanisani, hata mfanyakazi aliyekuwa akipita nje akachungulia.

Kengele ikalia. Odile akauchukua mkate, akaumega kwa mikono yake, makombo yakajaa shukani, akamsogezea Nzigire mdomoni.

"Ni chakula chako, Madame."

"Kula. Umetoka kuzika."

Nzigire akala, analia na kutafuna. Odile akangoja mpaka ameze, ndipo naye akafungua kinywa.