Mikono ya Mama Mdogo Nasra

Harufu ya kikuba siku hizi inanitia hasira. Najua si vizuri mtu mzima kuyakasirikia maua, lakini ndivyo nilivyo na nshachoka kujificha. Wiki iliyopita niliingia katika nyumba moja ya zamani kule Shangani, na mlangoni msichana akanibandikia kikuba begani kabla sijasema ninataka au sitaki. Asumini, rihani, kipande cha mkadi, vimefungwa kwa uzi na kurushiwa maji visinyauke. Harufu ilipopanda puani, papo hapo nikawa mtoto wa miaka tisa, nimechutama ukumbini kwa bibi yangu mtaani Malindi, sinia la maua liko baina yangu na mama yangu mdogo Nasra.

Nyumba ile ya Shangani wameigeuza ya maonyesho. Wametundika ukutani picha za watu wa mji wetu huu mdogo waliopata kuwa watu wa sinema na watu wa nyimbo. Aliyenialika ni Fahmi, mjukuu wa mjomba wangu Seif. Aliniwekea kiti cha mbele, chenye mto, kwa sababu picha kubwa kuliko zote ni ya babu yake. Yuko pale na kilemba na joho, kidevu juu, kama aliyezaliwa navyo. Chini yake wameandika kuwa ni miongoni mwa waigizaji wetu wa mwanzo. Na pembeni yake, kwenye picha ndogo, kuna mikono miwili ya mwanamke inatunga kikuba.

Kaeni kitako niwaambieni hiyo mikono ni ya nani.

Mama mdogo Nasra alikuwa mdogo wake mama yangu, na mjomba Seif ndiye kaka yao mkubwa. Nasra alikuwa mashoto. Bibi alimpiga kofi la mkono utotoni mpaka akala kwa kulia kama watu, lakini kwenye maua alishindwa naye. Uzi aliushika kwa kulia, ua akalichomeka kwa kushoto, na akimaliza alikuwa na tabia ya kukigonga kikuba mara mbili kwa kidole cha shahada, tap, tap, kama anayekiambia, haya, nenda. Mabibi harusi wa mtaa mzima walivaa vikuba vyake. Alikuwa anaimba akitunga, sauti nzito kidogo, na akiigiza watu mpaka tunajikojolea kwa kucheka. Akimwigiza jirani yetu anavyokataa chai huku mkono umeshafika kikombeni, Bibi mwenyewe alikuwa akijifunika kanga usoni asionekane anacheka.

Basi wakaja watu wa filamu kutoka nje. Mji ukachanganyikiwa. Mjomba Seif alikuwa fundi cherehani, na ndevu zake zilikuwa nzuri, hilo silikatai. Wakamtaka acheze kadhi. Alikaa mbele ya mashine yao ya kupigia picha na joho aliloshona mwenyewe, akatamka maneno manne au matano, na tangu siku hiyo akawa haendi tena kununua samaki bali anapita sokoni. Watu wakamwita Kadhi naye akaitikia. Hakuna aliyemuuliza ruhusa kaipata kwa nani.

Mwanamke aliyecheza bibi harusi alikuwa mgeni. Mzuri, lakini akipewa maua ajifanye anatunga, ungesema anamenya vitunguu. Mshona nguo wao akaja nyumbani kwetu asubuhi moja kutafuta mwanamke wa kutunga kikuba mbele ya mashine.

"Mikono tu, Bi mkubwa," alisema. "Uso hautoki, jina halitoki."

Bibi akafikiri sana. Kisha akasema, "Mikono tu. Na Seif asijue, ataniua kwa maneno."

Nilikwenda na mama mdogo, nikakaa chini ya meza ya nguo, nikaapishwa nisiseme. Alitunga kikuba kimoja mara sita. Mara ya sita wakamwambia aimbe kidogo kama anavyoimba kwao, akaimba. Ndipo yule mkubwa wao akamwambia kwamba watatengeneza filamu nyingine Dar es Salaam, na wanamtaka yeye, safari hii na uso wake na sauti yake.

Mama mdogo hakulala wiki nzima. Alikuwa akinikamata mabega jikoni, ananiambia, "Nitakwenda, mwanangu. Nitakwenda, nawe utaniona mkubwa kama ukuta." Bibi alimwambia angoje. "Seif nitamlainisha mwenyewe, polepole. Wewe funga mdomo tu."

Miezi ikapita, filamu ikafika mjini. Wanaume ndio wa kwanza kuitazama. Mjomba alijitazama mara tatu. Ile mikono nayo aliiona mara tatu, na hakuijua. Lifikirieni hilo. Mikono iliyomtilia chai, iliyompasia kanzu, iliyomfungia vikuba kila sikukuu tangu msichana yule ana umri wa kushika uzi, ikawekwa mbele yake kubwa kama milango, na hakuijua. Alirudi nyumbani akisema, "Yule bibi harusi ana vidole vya heshima."

Jumapili mchana ikawa zamu ya zanana, onesho la wanawake watupu. Nani aliyewahi kwenda zanana akasahau? Mabuibui yametundikwa kwenye viti, udi, jasho, korosho, watoto wanalia, na kila mtu anazungumza na watu wa kwenye kitambaa cha sinema kama wako uani kwake. Mjomba alipotokea na joho lake wanawake wakapiga vigelegele.

"Hebu Kadhi, nihukumie na mimi na mume wangu!"

"Joho hilo kapimia mwili au kapimia mlango?"

Mama mdogo alikaa kulia kwangu, uso kaufunika kwa ninja mpaka puani. Halafu mikono ikatokea.

Mimi nilikuwa nimeapishwa, naam. Lakini mikono ile ilijaa kitambaa chote. Uzi kulia, ua kushoto. Na sauti yake ikajaa jumba zima. Kisha kile kidole, tap, tap. Wallahi sikukusudia. Nilijikuta nimesimama juu ya kiti, ninapiga kelele kwa furaha iliyonishinda nguvu:

"Mama mdogo Nasra! Mama mdogo Nasra!"

"Kaa chini we kitoto, unatuzibia!" mtu akanipigia kelele nyuma. Mwengine akasema, "Nasra yupi? Nasra wa Malindi, mashoto?"

Shingo zote zikageuka. Nikahisi mguu wa mama yangu unanikanyaga. Na mama mdogo, aliyekuwa amekaa na uso umefunikwa, akaivuta ile ninja chini ya kidevu, akasimama, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Naam. Ndiye mimi."

Wanawake walimpigia vigelegele kuliko walivyompigia Kadhi. Niliona uso wake kwa mwanga wa ile filamu. Sijauona tena ukiwa vile.

Wanawake wale wale wanaojua kuficha mimba, talaka na ugonjwa wa mtu mpaka kaburini, hilo moja halikuwakaa kifuani. Kabla ya magharibi mjomba alikuwa ameshaambiwa. Akaja akakaa barazani kwetu, miguu ameikunja, akamhukumu dada yake. Alisema amemvunjia uso. Bibi alimwambia, "Seif, na wewe si umo filamu hiyo hiyo? Tena wewe na ndevu zako!" Akajibu, "Mimi ni mwanamume, mama." Ikaisha. Hayo ndiyo maneno yote ya hukumu. Mwezi ulipoandama tukampeleka Nasra kijijini Uroa, kuolewa na mwanamume mwenye watoto wakubwa kuliko yeye, asiyetaka kusikia mtu anaimba nyumbani kwake. Watu wa Dar es Salaam walituma ujumbe mara mbili. Mjomba aliwajibu kuwa mtu huyo hayupo.

Mimi nilinyamaza. Kwa miaka mingi kila nilipokwenda Uroa kumtembelea nilikuwa sinyanyui macho. Nilijua nani aliyemtia kule. Mdomo wangu.

Sasa narudi Shangani. Nikasogea kusoma kilichoandikwa chini ya ile mikono. Wameandika ni mikono ya yule bibi harusi, na jina lake la kigeni wamelipamba kwa wino wa dhahabu. Nikamwita Fahmi.

"Shikamoo, Bibi. Umeipenda?"

"Marahaba. Hii si mikono yake."

"Bibi, kamati ndiyo iliyoandika."

"Kamati ina macho? Tazama picha zake zile pale, mwanamke huyo anamimina chai kwa kulia na anakunywa kwa kulia. Na hapa ua limeshikwa na mkono gani?"

Akatazama. Akajikuna kichwa. "Bibi, ushahidi huo mdogo. Na leo ni siku ya babu, tusiiharibu siku."

Tusiiharibu siku! Nilikitoa kile kiti chenye mto nikakiweka njiani, nikawaambia wageni wote, wenye mji na wasio na mji, kwa sauti niliyopewa na Mungu, kuwa mikono hii ni ya Nasra wa Malindi, dada yake huyu mwenye joho, na kuwa huyu mwenye joho ndiye aliyemzima. Wengine wakainua simu kunipiga picha. Na wanipige. Nilisoma mpaka darasa la nne, lakini jina la mama yangu mdogo naliweza. Nilichukua kalamu mezani nikaliandika ukutani kwao, herufi kubwa. Fahmi amenipigia simu mara mbili tangu hapo kuniambia kuwa kamati italizungumza. Babu yake hakuhitaji kamati.

Mama mdogo alipougua ugonjwa wake wa mwisho, kule Uroa, ndipo nilipopata moyo wa kumwomba radhi. Nilimwambia, "Mama mdogo, mimi ndiye niliyeitoa siri yako." Alinitazama kama niliyepandwa na homa.

"Wewe ulikuwa mtoto wa miaka tisa umesimama juu ya kiti," alisema. "Ningekaa kimya, nani angekusadiki? Ningekuvuta ukakaa, ikaisha. Nilisimama kwa kuwa nilitaka."

Akapumua kwa taabu. "Kaka yangu alipigiwa vigelegele mwaka mzima. Mimi nilikuwa nataka vya mchana mmoja."

Nilikuwa nimelibeba kosa lisilo langu kwa miaka hamsini, na mwenye kosa anaangikwa ukutani na kuvishwa maua. Ndiyo maana nina hasira, na sitaki mtu aniambie nitulie kwa umri wangu. Bibi alimficha, mama yangu alinikanyaga mguu, mjomba alimfuta, na kamati imempa mtu mwengine mikono yake. Katika nyumba yetu nzima ni mtoto mmoja tu aliyemwita kwa jina lake mbele ya watu, na hilo ndilo jambo moja alilotendewa kwa haki.