Jumamosi Tuliyopanga Lenta ya Gitting

Vijana mnaobeba karai leo, na ninyi mnaopanga kwa simu kazi msiyoiona, someni hapa. Mimi niliishia darasa la nne, lakini kazi ya ujenzi nimeizeekea, na neno nisiloliamini ni "tayari".

Siku yangu ya kwanza, kwenye zahanati kule Maretadu, nilikuwa saidia fundi, wa kuchota maji na kubeba mchanga. Fundi akasema kokoto tayari. Tukachanganya sementi na mchanga, kumbe kokoto bado ziko njiani. Mchanganyiko ukagandia chini tukiutazama. Tangu hapo naenda kuangalia mwenyewe.

Baadaye nikapelekwa Gitting, kwenye ujenzi wa madarasa, niwasimamie akina mama wa kubeba zege. Foremani wa pale kila Jumamosi alituketisha tupange wiki inayofuata: nani anafanya nini, siku gani, na nini kitamzuia. Hilo la mwisho lilikuwa gumu. Kwetu, kumwambia mkubwa "siwezi" ni kama kumtukana, kwa hiyo kila mtu aliitikia tu.

Jumamosi moja akasema, "Jumatatu tunamwaga lenta," yaani mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha. "Mbao na mirunda ya kuzishikilia vipi?"

"Zitakuwa tayari, bosi. Hakuna shida," akajibu seremala. Seremala huyo ni mume wangu.

Nikamtazama. Mirunda mingi ilikuwa bado imelala chini, na viatu vyake vya kwendea harusi Bashay vilikuwa vimeshapigwa rangi. Watakaopanda pale na karai kichwani ni akina mama wangu.

"Bosi, Jumatatu usipange zege," nikasema. "Seremala anakwenda harusini, hatarudi mpaka Jumanne."

Wanaume wakacheka. "Shemeji, leo utalala jikoni."

Foremani hakucheka. "Jumatatu tupige plasta kwenye darasa lililokwisha kuezekwa. Lenta iwe Alhamisi. Fundi, nenda harusini kwa amani."

Nyumbani mume wangu akaniambia, "Umeniaibisha mbele ya vijana."

"Na mama mmoja angeanguka na zege, ungewaambia nini watoto wake?"

Alichukua viatu vyake akaenda harusini. Alirudi Jumanne, akasimamisha mirunda yote, na Alhamisi akina mama walipanda wakashuka salama.

Sasa nimestaafu, magoti yamekataa ngazi, ila macho bado yana shaka. Juzi wanangu walijenga banda, wakaja kusema limekwisha. Nikawaambia, "Ng'ombe wasiingie mpaka nitikise kila nguzo. Na wewe mzee, seremala wangu, inuka, anza na ile ya kona."