Nyasi za Machicha

Baba alipohamia kwetu Zinga baada ya mama kufariki, begi lake hakulifungua. Kila asubuhi nikimwamkia alijibu "Marahaba," kisha akauliza basi la bara linaondoka saa ngapi. Maisha yake yote alikuwa mkuu wa stesheni ndogo huko bara, na mtaani kwetu hapapiti treni. Niliogopa kwamba siku moja nitarudi kutoka kazini nikute kiti kitupu.

Nikaamua kumtengenezea stesheni yake, juu ya meza, barazani. Treni ya kuchezea niliinunua Kariakoo. Mengine yote niliyafanya kwa mikono yangu, na kwa kiburi changu. Jengo la boksi nikalipaka rangi ya maziwa. Baba akalitazama.

"Hospitali hii?"

Nilikasirika, lakini alisema kweli. Nikazimua rangi nyeusi kwa maji mengi, nikaipitisha ukutani na kuifuta kwa kitambaa kabla haijakauka, uchafu ukabaki kwenye pembe tu. Nikasaga tofali, nikapaka unga wake juu ya paa, likaonekana limeshika kutu.

"Afadhali," akasema, akarudi kwenye habari za basi.

Zilibaki nyasi. Pwani nimejifunza kutotupa chochote cha nazi. Nikachukua machicha yaliyobaki baada ya kukamua tui, nikayachanganya na rangi ya kijani ya keki, nikayaanika juani, kisha nikayanyunyiza juu ya gundi ya unga wa muhogo. Mke wangu alilalamika kwamba tunakula wali wa nazi kila siku ili kulisha ng'ombe wasiokuwepo. Lakini bonde la kando ya reli lilipendeza, jamani! Nilijisifu mpaka nikachoka, nikaingia ndani kunawa mikono.

Niliporudi, kuku wetu walikuwa juu ya meza. Bonde zima limeliwa, na jogoo amesimama katikati ya reli akidonoa kilichobaki. Nilipiga kelele, hawakujali. Nilitaka kulia.

Mara filimbi ikalia nyuma yangu, ndefu, kali. Kuku wakatawanyika. Baba alikuwa mlangoni na filimbi yake ya kazini. Nyuma yake, chumbani mwake, begi lilikuwa wazi, nguo zimetapakaa kitandani.

"Hivyo hivyo!" alisema, akicheka mpaka machozi. "Mbuzi wa kijiji kizima walikuwa hawatoki relini. Sasa ndiyo stesheni yangu. Mkwe wangu, kesho ukune nazi mbili!" akamwambia mke wangu, aliyekuja mbio aliposikia filimbi.

"Na basi la bara, baba?" nikauliza.

"Nitaondokaje, na reli imejaa kuku?"