Simfoni Isiyo na Upatu

Nakumbuka Jumapili moja adhuhuri, nilipomwacha shangazi yangu amesimama juani nje ya lango la hoteli moja ya Diani, nami nikabaki ndani napigiwa makofi. Ni miaka mingi sasa, na aibu hiyo nilikuwa nimekwisha kuizoea. Wewe Hamisi, mjukuu wangu, ndiye uliyeifufua juzi, ulipokuja kunionyesha fulana mpya za kundi lenu zilizoandikwa kifuani: Simfoni ya Mwabungo.

Nilikuuliza mko wangapi. Ukanijibu mko watatu, na kinanda. Nikauliza, na Mejumaa je, na upatu wake? Ukacheka. "Babu, upatu tumeutia kwenye flashi. Bi Mejumaa amekwisha kuwa mtu mzima, na ile sahani yake ni kelele tu. Simfoni ni mambo ya kisasa."

Nilinawa mikono nikala, maana nilijua nikifungua mdomo nitakutukana, na mama yako alikuwa ameshatenga chakula. Sasa nimekaa nimeandika, na unisome mpaka mwisho. Nimekasirika, mwanangu, sifichi. Nimekukasirikia wewe, na nimejikasirikia mwenyewe zaidi, kwa sababu maneno hayo hukuyabuni. Niliyasema mimi kabla hujazaliwa.

Nilipokuwa na umri wako nilipuliza nzumari katika ngoma ya sengenya kwetu Msambweni. Tulikuwa watano: mimi, mpigaji ngoma ndogo ya chapuo, mpigaji ngoma ndefu ya msondo, mtu wa kayamba, na shangazi yangu Mwanamisi, mamake huyo Mejumaa. Yeye aligonga upatu, ile sahani ya shaba unayoiita kelele. Desturi yetu ilikuwa hakuna anayeanza kabla ya upatu, na aliyepotea katikati ya ngoma aliusikiliza upatu mpaka akajipata. Lakini anayetazamwa ni mpuliza nzumari. Mashavu yangu yakivimba, wanawake walipiga vigelegele, nami nikaamini kwamba ngoma ni mashavu yangu.

Hoteli ikatuita. Meneja wa burudani alitaka watu wanne, na hakusema ni nani aachwe. Nilimchagua shangazi mimi mwenyewe. Niliwaambia wenzangu kugonga sahani ni kazi ya mtu yeyote, kisha nikaenda kwake nikamdanganya kwamba mwaliko umevunjwa. Akasema alhamdulillahi, atapata siku ya kupalilia mihogo.

Tulipiga kando ya bwawa la kuogelea, wageni wakila. Haikufika mbali, mambo yakaharibika. Msondo uliharakisha, chapuo likaufukuza, kayamba likafuata lake, nami nikapuliza kwa nguvu zaidi ili niwafunike wote. Kilimi kikapasuka. Kilimi ni kile kipande cha jani kavu la mnazi kinachotiwa mdomoni, na bila hicho nzumari ni kipande cha mti tu. Nikapapasa mfukoni, sikuwa na kingine. Wageni wakanitazama na uma mikononi.

Ndipo akaja askari wa lango na fundo la leso. Ndani yake mlikuwa na vilimi vyangu vitatu vya akiba. Shangazi ndiye aliyekuwa akinitunzia. Jirani alikuwa amemwambia kwamba tumeonekana tukipanda gari, naye akadhani mwaliko umerudishwa ghafla, tukakosa nafasi ya kumwita. Akaacha jembe shambani, akatufuata na vilimi vyangu, na upatu kwapani. Askari alimzuia kwa kuwa jina lake halikuwamo kwenye orodha; aliposikia nzumari imekatika, akampa lile fundo aniletee.

"Nimruhusu mama aingie?" askari aliniuliza.

Nikamwambia angoje. Nikatia mdomoni kilimi alichoniletea, nikaendelea kupuliza, na mwisho wageni wakanipigia makofi.

Tulipotoka alikuwa palepale, leso ameitanda kichwani kujikinga na jua. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Kisha akasema, "Nimewasikiliza tangu mwanzo. Chapuo lilikuwa likimtafuta mtu. Msondo ulikuwa ukimtafuta mtu. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa humtafuti mtu." Mwezi uliofuata aliukabidhi upatu kwa Mejumaa, na mbele yangu hakuugonga tena mpaka tulipomzika. Msamaha sikumwomba. Niliona haya, na haya hiyo ilikuwa upumbavu mtupu.

Sasa turudi kwenye fulana zenu. Nilijiambia labda mimi ni mshamba, labda hilo neno lina maana ya kuwatetea. Nikaenda Mkongani kwa Mwalimu Kyalo, yule anayefundisha kwaya ya kanisa lao, kwa kuwa alisomea Kiyunani ujanani. Aliniambia neno hilo ni la Wayunani wa kale, nalo lina vipande viwili: cha kwanza ni "pamoja", cha pili ni "sauti". Sauti zilizo pamoja, basi. Likapita kwa Walatini, likazunguka Ulaya. Kuna mahali lilikuwa jina la ala moja ya kuzungushwa kwa mkono, baadaye likawa la muziki wa ala bila waimbaji, na mwisho ndipo likawa la ule muziki mrefu wa watu wengi waliokaa safu kwa safu. Nikamuuliza, katika safari yote hiyo, kuna mahali liliwahi kuwa na maana ya vijana watatu na flashi? Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. Mimi sikucheka.

Kisha akanisimulia hadithi wanayosomewa kanisani, ya baba aliyefanya karamu kwa ajili ya mwanawe mdogo aliyerudi. Kaka mtu akatoka shambani, akakaribia nyumba, akasikia muziki, akakataa kuingia. Kwa Kiyunani, alichokisikia ni neno hilihili la fulana zenu. Nikauliza baba alifanya nini. Mwalimu akasema, "Alitoka nje akamsihi." Niliaga haraka, mwanangu, nisije nikalia mbele ya mtu aliyenipikia chai. Baba yule alitoka. Mimi nilisema angoje.

Kwa hiyo sikiliza. Kinanda sikikatai, fulana sizikatai. Ninachokataa ni kumtoa mtu kisha mkajiita pamoja. Flashi haitakusikia ukipotea, wala haitakufuata na vilimi vyako juani. Mejumaa anayaweza yote mawili, na wewe umemwita kelele. Nenda nyumbani kwake leo, kwa miguu yako, usitume ujumbe wa simu. Mwamkie, mwombe radhi, umsihi. Akikataa, rudi kesho. Usingoje kama mimi, mpaka mtu wa kuombwa hayupo.

Jumamosi mna harusi hapo Mwabungo. Nitakuja, na nitasimama nje ya lango na fimbo yangu, jua liwe jua. Nikiusikia upatu wa Mejumaa, nitaingia. Nisipousikia, msinitumie mtu wa kuniita.

Mwenyezi Mungu akupe masikio kabla ya sifa, akujaalie wenzio wasikukimbie, na amrehemu Mwanamisi, ambaye vilimi vyake viwili ningali ninavyo, katika fundo lilelile la leso. Amin.