Koti Lililofuliwa kwa Sabuni ya Waridi

Saa moja asubuhi, Mjomba anainama kwenye kizimba cha nne, anazoa maranda machafu kwa beleshi dogo na kuyatia ndooni. Macho yake hayako kwenye maranda. Yako kwa msichana wa zamu, aliyeketi kwenye stuli hatua mbili kutoka hapo, panya mweupe amejikunja viganjani mwake kama aliyezaliwa humo.

Kwenye skrini ya ukutani, namba inashuka. Mia tatu arobaini. Mia tatu ishirini na tano. Mia tatu kumi na nane. Hapo inatulia.

"Umeona?" Mjomba ananinong'oneza. "Ananichokoza yule."

Msichana hajamchokoza mtu. Hata hajageuka.

Jengo zima linamwita Mjomba. Ana miaka hamsini na saba, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza humu maabara akitunza wanyama. Walianza kwa kumtania kwamba ni mjomba wa panya, jina likamganda.

Hapa wanachunguza mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo na kuupunguzia moyo mwendo, na wanajaribu dawa ya kuuamsha. Kila panya ana kidude chini ya ngozi, kidogo kama haragwe, kinachotuma mapigo ya moyo kwenye skrini. Utafiti ukiisha, panya anauawa bila maumivu na protini za ubongo wake zinapimwa. Akiwa na hofu, mapigo yanapaa, protini nazo zinabadilika, na kazi ya miezi inaharibika.

Kwa hiyo mkono unaomshika nao ni sehemu ya kipimo. Na mkono wa mwisho, ule unaomtuliza panya dakika tano kabla ya kuuawa, ndio wenye heshima kuliko yote.

"Nimewaaga wangu wote kwa mkono huu," anasema Mjomba akiunyoosha, umejaa makovu madogo ya meno. "Sikutaka waagwe na mgeni."

Mgeni mwenyewe aliajiriwa mwaka jana. Ndani ya miezi mitatu panya walikuwa wakishuka mpaka mia tatu kumi na nane mikononi mwake. Kwa Mjomba hawakuwahi kupita chini ya mia tatu thelathini na sita. Daktari anayeongoza utafiti akasema, kwa utani tu, kwamba mzee amepata mpinzani.

"Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji ndiyo kwanza nikaumwa," anasema. "Nilikuwa nalala naiota ile namba yake. Wivu, ndugu yangu, usiombe ukupate."

Sasa, humu ndani koti la kazi halifuliwi kwa sabuni yenye harufu, kwa sababu panya humjua mtu kwa pua. Msichana alifundishwa sheria hiyo na Mjomba mwenyewe. Jioni moja, mzee huyohuyo akalitoa koti la msichana msumarini, akalikunja, akalitia kwenye mfuko na kwenda nalo nyumbani. Akalifua kwa sabuni ya waridi ya mkewe. Akalisuuza mara moja tu, makusudi, ili harufu ibaki.

Mkewe akatoka jikoni, akamkuta mikono imezama kwenye beseni.

"Koti la kike, dogo, lina kifungo kimoja cha pinki," mama huyo anakumbuka. "Na huyu ni mwanamume ambaye hata soksi zake hajawahi kuzifua! Nikamuuliza, la nani? Eti la kazini. Nikasema haya, kikulacho ki nguoni mwako."

Mjomba angeweza kusema ukweli, akashindwa. "Ningemwambiaje? Kwamba namwonea wivu mtoto wa miaka ishirini na minne kwa ajili ya panya? Nikaona afadhali anidhanie mhuni."

Kesho yake koti lilikuwa limerudi msumarini, msichana akalivaa. Panya wa kwanza akapanda mpaka mia nne thelathini na moja. Wa pili akamkojolea mkononi. Daktari akaanza kuishuku dawa wanayoijaribu, akaamuru panya sita wapimwe upya. Msichana akaenda kulia chooni, na Mjomba alimsikia.

Saa nne mkewe akafika getini, anataka kumwona mwenye koti.

"Koti ni langu, mama," msichana akamwambia pale mapokezi. "Lakini mumeo? Huyu hata salamu yangu haitikii!"

Daktari akalichukua koti, akalinusa. Akamnusa na mama wa watu aliyesimama mbele yake. Wote wakamgeukia Mjomba.

"Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini," anasema. "Mimi natafuta pa kujificha, sipaoni."

Alipewa miezi miwili ya kusafisha vizimba bila kumgusa panya. Alipomwomba msichana radhi, alijibiwa maneno mawili: "Yameisha, Mjomba."

"Angenitukana ningepona," anasema. "Hata kusamehe ananishinda!"

Adhabu inakwisha Ijumaa. Jumatatu wote wawili, yeye na msichana, watashika panya, dakika tano kila mmoja. Atakayepata namba ya chini ndiye atakayewaaga panya kumi na wawili wa kundi hili.

Mjomba anafanya mazoezi. Kila jioni baada ya kula anakaa sebuleni, kiganja cha mkewe ndani ya viganja vyake, anapumua taratibu. Mkono wenye kinyongo, anasema, panya anaujua.

"Miaka ishirini na sita ya ndoa hakuwahi kunishika hivi," anasema mkewe. "Na nikitaka kuongea ananiambia tulia, unatikisika. Hao panya nawaonea wivu mimi."

Namuuliza Mjomba anatarajia nini hiyo Jumatatu. Anaegemea kizimba.

"Muhimu panya waondoke wametulia," anasema. "Akishinda yeye, nikishinda mimi, yote heri."

Msichana bado ameketi na panya wake. Mjomba anaitazama skrini kwa muda, kisha anaokota beleshi lake.

"Mia tatu kumi na saba," anasema.