Gemu Iliyohukumiwa Ikiwa Imezimwa

Juzi nilikuwa Handeni kwenye tamasha la vijana wabunifu. Kwenye meza ya pembeni, karibu na maspika, alikaa binti wa Ngombezi aliyetengeneza gemu ya simu: unachunga ng'ombe hadi lamboni bila kukanyaga shamba la mtu. Mshindi angepelekwa kwenye maonyesho makubwa Dar.

Mgeni rasmi, ndiye pia jaji mkuu, akafika na msafara wake.

"Shikamoo mheshimiwa. Karibu ucheze," binti akasema.

"Marahaba." Akaipokea simu, akaigeukia kamera.

"Zima kioo, kinamulika," mpiga picha akaamuru.

Kikazimwa. Mheshimiwa akapapasa kioo cheusi kwa dole gumba, anatabasamu kama aliyeshinda. Picha ikapigwa.

"Nzuri, binti. Ila rahisi mno."

"Lakini hujaicheza, mheshimiwa."

"Nimeiona, inatosha." Akasogea meza inayofuata, na ushindi ukaenda huko huko.

"Hata Korogwe walinifanyia hivi hivi," binti akaniambia, akifuta alama za vidole.

Damu ilinichemka. Tangu lini ugali ukaonjwa kwa macho? Kama hutaki kucheza, sema hutaki, usitoe hukumu!

Nikaomba simu, nikaketi. Mara ng'ombe wangu wote wamo kwenye mahindi ya watu.

"Mzee, utalipishwa faini!" Binti akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Nilirudia, nikashindwa tena. Basi nasema kama mtu aliyeicheza: gemu ile si rahisi hata kidogo.