Siku Bhoke alipomletea baba yake albamu, huku Nyanungu

Wakuu, habari za Jumapili. Naandika nikiwa bado na mshangao. Haya nimeyaona kwa macho yangu, sijasimuliwa na mtu.

Mimi ni nesi, kwetu Korogwe. Huu mwaka wa tatu niko zahanati moja huku Nyanungu, Tarime. Nimepanga chumba kwa Mzee Mwita, mfugaji, alifiwa na mke zamani. Mtu wa maneno machache. Ukimpa shikamoo anaitikia, basi, anarudi kwa ng'ombe wake.

Nilijua ana binti anaitwa Bhoke, ila pale nyumbani jina lake halitajwi. Majirani ndio walioniambia: aliacha chuo cha ualimu mwaka wa mwisho, akavuka mpaka wa Sirari kwa shangazi yake Kenya, kisa kuimba. Mzee akaacha kupokea simu zake.

Sasa Jumapili moja mchana bodaboda ikasimama nje. Akashuka dada mwembamba, begi mgongoni. Akaenda moja kwa moja kupiga magoti mbele ya mzee.

"Shikamoo, tata."

Tata ni baba kwa Kikurya. Mzee akaitikia huku anaangalia ng'ombe.

Kumbe dada amekamilisha albamu. Na si gospel, si bongo fleva. Ni ile soprano ya juu kabisa, violin na piano nyuma, kaichanganya na nyimbo za huku. Wenyewe wanaita classical crossover. Mimi hilo neno ndiyo kwanza nalisikia.

Kilichomleta ni wimbo mmoja, wa kubembelezea mtoto. Marehemu mama yake aliutunga mwenyewe. Alifariki Bhoke akiwa mdogo sana, kwa hiyo maneno alipewa na shangazi.

"Huu ni wimbo wa nyumba yako," akamwambia baba yake kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu mgeni. "Ukisema hapana, naufuta."

Mzee akatia kijiti mdomoni, akaanza kutafuna. Mimi kwa kimbelembele changu nikaleta spika yangu ndogo ya bluetooth.

Wimbo wa kwanza ulipoanza, wakuu, nywele zilinisimama. Kifua kidogo vile, lakini sauti inapanda, inapanda, mpaka unamhofia, halafu inapanda tena.

Haikuchukua hata dakika mbili, mama wawili wa jirani wakaingia mbio, mikono kichwani. "Nani amekufa?"

Walidhani ni kilio cha msiba! Nikacheka, Bhoke naye akacheka. Mzee hakucheka.

"Mnaona?" akasema. "Hata watu wanajua huku si kuimba."

Uso wa Bhoke ukashuka. Nikajua anaondoka. Lakini akasema taratibu, "Sikiliza mmoja tu, tata. Halafu nakwenda."

Akauweka ule wa mama yake.

Mimi Kikurya changu ni cha kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi, basi. Ila nilimwona mzee ameacha kutafuna kijiti chake. Wimbo ulipoisha akasema, "Umekosea. Shangazi yako hakuujua wote. Kuna mstari wa mwisho."

Akauimba. Mzee ambaye sijawahi kumsikia hata akipiga mluzi! Sauti kavu, ya mikwaruzo. Mama mmoja akaninong'oneza maana yake: Bhoke, ukienda mbali, paza sauti nikusikie.

Bhoke alikaa chini pale pale kwenye vumbi, akalia. Hakuwahi kujua kwamba jina lake limo.

"Basi imba," mzee akasema. "Imba sawasawa."

Bhoke akafuta uso, akasimama, akaimba. Bila spika, bila violin.

Sijui niwaeleze vipi. Wale mama waliokuja kwa msiba wakakaa chini. Watu wakasimama njiani. Alipofika mstari ule akapandisha, akaishikilia sauti juu huko, na mzee amefumba macho.

Kazi yangu nimezalisha wengi, na wengine nimewafumba macho. Nilidhani nimeshasikia kila kinachoweza kutoka kwenye koo la binadamu. Nilikuwa sijasikia kitu.

Alikaa siku nne, akarudi Kenya kurekodi upya. Wiki hii albamu imetoka. Mzee hana smartphone, nimempakulia kwenye memory kadi ya redio yake.

Leo asubuhi kanigongea mlango, redio mkononi. "Daktari, sauti inaongezwaje hapa?"

Nikamwonyesha. Akaongeza mpaka mwisho.

Nilichojifunza: mzee alikuwa na mstari mmoja wa mama wa huyu binti, hasira ikamfanya aukalie miaka yote. Angekufa nao. Kama una maneno ya marehemu, wape wenyewe mapema.

Haya wakuu, nani ana wimbo wa nyumbani anaoukumbuka nusu? Nusu ya pili anayo nani? Mpigie kwanza, halafu uje utuandikie hapa.